Jumba Lililojisikia Lenyewe

Hakuna aliyewahi kuuona ukuta wa nje wa Jumba. Walioingia waliingia kwa mlango, hilo halina ubishi, lakini mlango wenyewe ulikuwa wapi, kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilitolewa kwa kidole kilichoelekea upande tofauti. Kuta zilikuwa za zege nene lenye nondo tumboni. Madirisha yalikuwa ya kioo kilichopakwa dawa ya kufukuza jua, kwa hiyo mwanga wa ndani ulikuwa wa rangi moja, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na ukitazama nje uliona saa kumi alasiri. Asubuhi, saa kumi alasiri. Adhuhuri, saa kumi alasiri. Simu nazo hazikusaidia. Simu huletewa saa yake kutoka hewani, na hewa ya Jumba haikuleta kitu, basi kila simu ilibaki na saa iliyoingia nayo. Watu wawili waliweza kukaa meza moja, mmoja yuko Jumanne na mwenzake Ijumaa, wakagawana maandazi bila ugomvi.

Katika Jumba hilo Bi Kidawa alikuwa akideki.

Tangu lini? Aliwahi kuulizwa. "Tangu magoti yangu yalipokuwa yanakunjika," alisema, na muulizaji akaona ni jibu zuri kuliko tarehe.

Kudeki hakumpi mtu cheo ila humpa siri, na siri ya Bi Kidawa ilikuwa hii: katika Jumba zima mtandao uliingia mahali pamoja tu, kwenye ngazi kati ya ghorofa ya sita na ya saba, penye ufa ambao waashi wa zamani waliusahau. Ukisimama hapo, bega la kushoto likigusa ukuta, simu ilionyesha kijiti kimoja. Kimoja tu, na chembamba, lakini watu walipanda na kushuka kukifuata.

Ngazi hiyo ilikuwa na vipandio tisa, na kwa kuwa saa za simu zilikuwa zimeshakosana, vipandio ndivyo vikawa saa. Mwenye zamu alisimama penye ufa, akapiga simu yake, na Bi Kidawa akaanza kudeki kutoka kipandio cha juu. Akimaliza cha tisa aligonga ndoo kwa mpini wa dekio, kwaa! Zamu imekwisha. Umemaliza, hujamaliza, unapisha.

Watu waliamini kwamba vipandio tisa ni vipandio tisa. Hawakumjua bibi huyu. Binti akimbembeleza mchumba aliyenuna, dekio lilikwenda polepole, likarudi, likaona doa ambalo halikuwapo. Lakini mtu akianza kumweleza mwenzake jinsi alivyo muhimu humu ndani, maji yalimwagwa vipandio vitatu kwa mpigo, na kabla hajafika kwenye kutaja cheo, ndoo imegongwa.

"Bibi, mbona leo upesi hivyo?"

"Leo hakuna vumbi, baba."

Akitembea na ndoo yake kuelekea bombani alikuwa akijiuliza kama watawala wa dunia wanafanya jambo lolote zaidi ya hilo: kuwa na kitu kidogo mkononi, na kuamua kukiendesha haraka au taratibu.

Yeye mwenyewe alichukua zamu ya mwisho, pale foleni ilipokwisha. Hakuwa na wa kumdekia, kwa hiyo alihesabu vipandio kichwani. Alimpigia dada yake Mize, aliyebaki huko nje peke yake katika nyumba ya wazazi wao. Mize alikuwa amefikia umri wa kuongea akiwa ameketi, na siku za karibuni kifua chake kilikuwa na mluzi, kila neno likitoka na kafirimbi kake. Hakuwa mtu wa salamu ndefu. Siku hiyo alipokea na kusema moja kwa moja:

"Kidawa, hivi ni wewe kweli uliyechukua..."

Wakatokea wanaume wanne wamebeba kabati la chuma.

"Samahani bibi, sogea kidogo."

Akasogea. Wakalitua kabati penye ufa, likaziba ukuta wote, na kile kijiti kimoja kikazimika kwenye simu yake.

Kisa cha kabati ni hiki. Malalamiko ya watu kuhusu mtandao yalikuwa yamezidi. Msimamizi wa Jumba, Mheshimiwa Kondo, aliona yanadharaulika yakikaa sakafuni, akaagiza yatafutiwe kabati. Kabati likahitaji nafasi isiyo na meza. Na katika Jumba zima, mahali ambapo watu husimama bila meza palikuwa pamoja tu. Hivyo karatasi elfu kadhaa, zote zikisema hakuna mtandao, zikawekwa mbele ya mtandao, na tangu saa hiyo zikawa zinasema kweli.

"Liondoeni," alisema Bi Kidawa.

"Bibi," alijibu mmoja wa wale wanne, kwa upole kabisa, "andika malalamiko."

*

Uliyechukua. Uliyechukua nini?

Swali lililokatika halitulii. Swali zima mtu hulijibu, au hulikwepa, likaisha. Lakini nusu ya swali huingia nawe kitandani, huamka kabla yako, hukusubiri penye bomba. Bi Kidawa alideki akilijibu. Ni mimi niliyechukua kanga yako ya maua mekundu nikaenda nayo harusini, ikarudi na doa la mafuta. Ni mimi niliyechukua kitana. Ni mimi niliyechukua ukoko wa sufuria siku ya Idi nikasema ni paka, na hatukuwa na paka. Nilichukua hata jina lako, Mize, siku nilipokamatwa nakula miwa ya shule: nilisema naitwa Mize, nawe ukachapwa, na wakati unachapwa nilijiona kwa mbali kama vile ni mimi ninayechapwa na wewe ndiye uliyesimama mlangoni. Tangu siku hiyo sina hakika sana yupi kati yetu ni yupi.

Alipiga tena na tena, ghorofa baada ya ghorofa. Yule mwanamke wa ndani ya simu, ambaye katika miaka yote hiyo hajawahi kukohoa, alimwambia namba anayopiga haipatikani. Haipatikani! Neno la ajabu. Halisemi haipo. Halisemi ipo. Bi Kidawa alisimama nalo katikati ya ukumbi, maji yakimtiririkia miguuni. Na mimi je, ninayetafutwa huko nje nisionekane, nipo? Au aliyepo ni yule anayepatikana tu, na sisi wengine wote tumo ndani ya kabati fulani, tumepangwa kwa herufi?

Lakini hayo yalikuwa mawazo ya kupitishia wakati. Lililomuuma hasa lilikuwa jambo dogo: Mize atadhani nimekata mwenyewe. Atadhani nimeulizwa, nikakata. Na kifua kile chenye mluzi hakitamngoja mtu.

Chini kabisa ya orodha ya vitu alivyochukua palikuwa na kimoja ambacho hakukitaja. Alikizunguka. Alideki kulia kwake, akadeki kushoto kwake, kama alivyodeki kuzunguka miguu ya lile kabati.

*

Fundi alifika akiwa na mkoba mgongoni na kifaa mkononi chenye sindano iliyolala. Alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Sikudhani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Nimeitwa. Mimi fundi wa mtandao."

"Wa kuutafuta au wa kuuzika?"

Sikudhani alicheka. "Nimeambiwa wewe ndiye unayejua ulikokuwa unaingilia. Nataka nianzie hapo, niusikie unatoka upande gani."

Bi Kidawa alimtazama, akalitazama dekio lake. Mtandao ukienea kila mahali, nani tena atasimama kungoja kipandio cha tisa? Nani atamwita bibi kwa sauti ile ya kuomba? Akamchukua fundi akampeleka stoo ya ndoo. Sindano haikutikisika. Akampeleka choo cha wakubwa ghorofa ya nne. "Hapa," alisema kwa uso mkavu, "wakubwa husikika wakiongea na mtu." Sindano ikalala. Akampeleka kwenye lifti iliyokufa, wakasimama humo wawili, mlango wazi, wakitazamana.

"Bibi, unanichezea."

"Nakuchezea."

"Una mtu huko nje?"

Bi Kidawa alikuwa anapima uzito wa ndoo na uzito wa Mize, na aibu ilimpata kwa jinsi mizani ilivyochelewa kuamua.

"Nina dada," akasema. "Njoo."

Penye kabati la malalamiko, sindano ilijiinua kidogo kama mgonjwa anayeitwa jina lake.

"Ndiyo yenyewe," alisema Sikudhani. "Unatoka mlimani, kwenye mnara wa simu. Bibi, huko nje sauti zimejaa tele. Zege linazikamata, nondo zinazikamata, na hiki kioo chenu ndicho kibaya kuliko vyote. Kioo hakijui kuchagua. Mmekiambia kifukuze jua, kimefukuza na salamu."

"Utakivunja?"

"Nikivunje niende jela? Naweka antena juu ya paa, iutazame mnara. Inachokinasa nakiteremsha kwa waya hadi kila ghorofa, na kwenye dari natundika hivi." Akatoa kitu cheupe, mfano wa kisahani cha kahawa kilichopinduliwa. "Hivi ndivyo vinavyoimwaga sauti kwa watu."

"Hakuna hatari?"

"Ipo moja. Antena ya juu isitazame ndani. Ikitazama ndani itajisikia yenyewe, itajikuza, itajisema tena, itajisikia tena, mpaka ipige yowe."

"Kama mtu anayejisifu."

"Sawasawa bibi. Na kama huyo, haisikii mwingine."

*

Ni lazima ijulikane kwamba katika Jumba hakuna kitu kilichoruhusiwa kumpa mgongo Msimamizi. Viti vyote, ghorofa zote, vilielekezwa upande wa ofisi yake. Mapangaboi ya mezani yalipuliza upande wa ofisi yake. Vyungu vya maua viligeuzwa kila wiki, ua likikengeuka kufuata kamwanga linarudishwa. Waliotoka kumwona walitoka kinyumenyume, na ndiyo maana visogo vingi vya Jumba vilikuwa na manundu.

Waya ulipokwisha kuteremshwa na visahani kutundikwa, Msimamizi Kondo alimwita fundi, na Bi Kidawa alikuwa pale akideki, maana anayedeki haonekani.

"Hiyo antena yako inatazama wapi?"

"Mlimani, mheshimiwa."

"Na mimi niko upande gani wake?"

"Nyuma. Chini."

"Kwa hiyo imenipa mgongo."

"Mheshimiwa, antena haina mgongo. Ni vyuma tu."

"Kisicho na mgongo hakiwezi kuwa na uso. Wewe umesema inatazama. Igeuze."

"Ikitazama humu ndani, mheshimiwa, Jumba litajisikia lenyewe."

Msimamizi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na kuna ubaya gani Jumba kujisikia?"

Sikudhani alipanda akaigeuza. Lakini boliti ya mwisho hakuikaza. Aliitia mfukoni.

Ikawashwa.

Vijiti vitano! Ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele. Watu walipandisha simu juu, wakabusiana, wakapiga zote kwa pamoja, na Jumba likajaa maneno.

Haloo. Haloo. Mimi hapa. Mimi hapa. Mzima? Mzima. Nilijua tu. Nilijua tu.

Kwetu kwema. Kwetu kwema.

Unaonaje, nilikuwa na haki? Nilikuwa na haki.

"Leo tunaelewana sana," alisema mmoja, akifuta machozi. Mwingine alisuluhishana na mkewe ugomvi wa miaka kumi, akakubali yote aliyokuwa akiyasema yeye mwenyewe. Msimamizi, kutoka ofisini, aliiambia nchi nzima, "Tumeridhika," na nchi nzima ikamjibu palepale, tena kwa sauti nzito, yenye mamlaka: tumeridhika. Akaegemea kiti. Sauti ilimfurahisha. Alisema aliwahi kuisikia mahali.

Bi Kidawa alijibanza nyuma ya kabati, akapiga.

"Mize?"

"Mize?"

"Ni mimi, Kidawa."

"Ni mimi, Kidawa."

Sauti ile ilikuwa ya mwanamke mzee kuliko alivyotarajia. Haikuwa na mluzi.

"Ulikuwa unaniuliza nini, dada? Nilichukua nini?"

"Nilichukua nini?" ikauliza simu. Halafu, kabla yeye hajafungua mdomo tena, ikaongeza: "Unajua."

Aliitoa simu sikioni, akaitazama. Vijiti vitano, vimenyooka. Pande zote watu walikuwa wakicheka na kujikubalia. Nao wangekaa hivyo, aliona wazi, wangekaa hivyo wakifurahi mpaka kuta zianguke, kwa maana hakuna anayelalamika kuwa mtandao haupo wakati anasikia sauti. Kabati lile sasa lisingeongezwa hata karatasi moja. Na Mize angekufa huko nje akiwa na nusu ya swali mdomoni.

Akaweka ndoo chini, akashika ngazi.

*

Mlango wa paa ulikuwa wa bati. Alipousukuma, mwanga ulimpiga usoni kama maji. Haikuwa saa kumi alasiri. Kumbe ilikuwa asubuhi! Asubuhi mbichi, yenye upepo, na mlima umekaa palepale, karibu, na mnara juu yake kama sindano iliyochomekwa kwenye pindo la nguo. Na ukuta wa nje wa Jumba, ule ambao hakuna aliyeuona, ulianzia pale kwenye vidole vya miguu yake, ukashuka. Haukuwa mrefu sana.

Sikudhani alikuwa ameketi chini ya antena, boliti kiganjani.

"Nilijua utapanda, bibi. Sikujua utachelewa hivi."

"Magoti, mwanangu. Igeuze."

Waligeuza wote wawili, fundi akisukuma, bibi akining'inia. Sikudhani akatafuta mfukoni, akaguna. "Spana nimeiacha ofisini kwa Msimamizi. Ishike hapohapo, isicheze. Ikicheza, wote chini wanakatika."

Akashuka. Bi Kidawa alibaki amelikumbatia bomba la antena kwa mkono mmoja na mguu mmoja, upepo ukitaka kulirudisha. Simu yake ilitetemeka. Saa yake ikaruka, ikapita siku nyingi ambazo hakutaka kuzihesabu, ikatulia. Akapiga kwa kidole gumba.

Ikaita. Ikaita kama zinavyoita simu za watu, kwa mbali, katika nyumba halisi, ambamo alikijua hata kigoda ambacho simu iliwekwa juu yake.

"Naam," ikasema sauti, na baada ya sauti, mluzi.

Bi Kidawa alikuwa amepanga kuuliza. Lakini mdomo wake, uliokuwa umezunguka jambo moja kwa miaka arobaini, ulichoka kuzunguka.

"Mize, ni mimi niliyechukua barua. Ya Sefu, karani wa ghala. Aliileta mwenyewe mlangoni akanipa nikusomee. Mimi ndiye niliyefika darasa la saba, wewe hukujua herufi. Barua za mtaa mzima zilipita mdomoni mwangu. Nikaisoma peke yangu, nikaona anataka kukuoa akupeleke kwao, nikakuambia hakuna barua. Uliponiuliza mara ya pili nikakuambia hakuna. Ulikaa miezi ukinitazama mdomo. Sikumtaka Sefu, Wallahi, alikuwa na masikio yale. Niliogopa kulala peke yangu kitandani."

Upepo ulivuma. Chini yake, ndani ya Jumba, kelele za watu wanaojikubalia zilikuwa zimenyamaza, na mahali pake palikuwa pakisikika kitu kingine, mamia ya watu wanaosema haloo kisha wananyamaza kungoja.

"Kidawa," alisema Mize hatimaye.

"Naam dada."

"Nilikuwa naulizia mfuniko wa sufuria."

Bi Kidawa alifumba macho.

"Ile kubwa ya pilau," aliendelea Mize. "Nimeutafuta nyumba nzima. Nikasema labda ni Kidawa kaondoka nao."

"Ninao."

"Nilijua!"

Kisha ukabaki mluzi tu, ukienda na kurudi. Bi Kidawa alisikiliza mluzi ule kama mtu anayesubiri ndoo igongwe. Alifikiri juu ya zege, na nondo, na kioo kisichojua kuchagua, na kabati penye ufa. Alikuwa amevicheka vyote. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na barua ile tangu akiwa na miaka kumi na saba.

Mlango wa bati ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Msimamizi Kondo, amepanda mwenyewe, tai imehamia begani, jasho linamtoka.

"Nani kageuza? Nani kanipa mgongo?"

Simu ikalia mfukoni mwake. Aliitoa kwa hasira, akaisogeza sikioni, na uso wake ukapoteza cheo, chote, kwa mara moja.

"Shikamoo mama," alisema. "Ni... ni Kondo, mama. Nipo. Nilikuwa sipatikani."

Bomba likayumba. "Shika hapa wewe!" Bi Kidawa alimkemea. "Ukiachia inakatika, yako na yangu."

Msimamizi alilishika bomba kwa mikono miwili, simu ameibana kwa bega, akageuka na uso wake wote ukautazama mlima. Jumba zima likabaki nyuma yake. Alikuwa analia bila kujificha.

"Huyo anayelia hapo ni nani?" aliuliza Mize.

"Mkubwa wetu. Anaongea na mama yake."

"Mwambie apunguze sauti." Mluzi ulipanda, ukashuka. "Barua hiyo unayo?"

"Iliisha kwa kukunjuliwa. Lakini naijua yote."

"Basi soma."

"Ni ndefu, Mize."

"Nimekaa."

Bi Kidawa alijisafisha koo. Alitafuta kwa mazoea kipandio cha kwanza, ajue ataanzia wapi na atagonga wapi, lakini juu ya paa hapakuwa na vipandio. Palikuwa na asubuhi tu.

"'Kwako Mize,'" akaanza. "'Ama baada ya salamu...'"

Na safari hii hakuruka neno.